Njiti ya Kiberiti Haijui Asali

Video nimeiona. Nimetumiwa na watu sita, na wa sita ni mjukuu wangu aliyeko Dar, akiuliza, "Babu, hawa si wale wa kikundi chako?" Ndio wao. Nyuma naiona mizani yetu, naona ukuta wa kijani nilioupaka kwa mikono yangu, na mbele yake yupo Deo, mkaguzi wenu mpya, ameshika njiti ya kiberiti iliyochovywa kwenye asali. Anaisugua. Haiwaki. Anasugua nyingine, inavunjika. Anaigeukia simu, anasema, "Feki hii, wazee. Asali orijino lazima iwake." Wote mnacheka. Ndoo iliyo mezani ni ya Evodia, binti wa marehemu Nyabenda, na jina lake limeandikwa ubavuni kwa wino mwekundu. Linasomeka hata kwa macho yangu haya.

Vijana wangu, mtaniua.

Ni wiki ya tatu sasa tangu video isambae, na Jumamosi ijayo mna mkutano wa kuamua kama Evodia afutwe kikundini kwa kuchanganya asali na sukari. Mwenyekiti wenu amenipigia simu, kwa adabu sana, akaniomba nije "kutia neno" kama mkaguzi mstaafu. Najua ni neno gani mnalolitaka. Nimeona niandike kwanza, mlisome mkiwa mmekaa, maana nikiongea huwa nakasirika, na nikikasirika nyinyi mnaona burudani.

Nimekagua asali hapo Kumsenga kwa miaka mingi kuliko umri wa wengi wenu. Watu waliniita Bwana Kipimo. Nililipenda jina hilo kuliko lile nililobatizwa, na nadhani ugonjwa ulianzia hapo.

Tuichukue kwanza hiyo njiti. Njiti ikichovywa kwenye asali ikawaka, imekuambia kwamba njiti haikulowa. Basi. Habari za nyuki haina. Chemsha sukari mpaka iwe nzito, chovya, itawaka vizuri tu. Chukua asali niliyoitoa mzingani mimi mwenyewe, chovya asubuhi ya ukungu, utamaliza kiberiti kizima. Na ile ya kudondosha tone kwenye glasi ya maji, eti asali safi inashuka mpaka chini bila kuchanganyika? Sukari iliyochemshwa ikawa nzito nayo inashuka. Na ile ya sisimizi! Nani aliwaambia sisimizi hawali asali safi? Nimepigana nao katika stoo ile miaka yote, na walikuwa wanachagua dumu bora kuliko mimi.

Halafu kuna ile kubwa yao, inayoaminiwa hata na watu wazima wenye akili zao: asali ikiganda ina sukari. Hiyo sitawalaumu. Hiyo niliwafundisha baba zenu mimi.

Nianze na kisa cha kuchekesha, ingawa wakati ule sikucheka. Alikuja bwana mmoja na madumu matatu, Mha mwenzangu, wa ukoo ninaoujua, shati jeupe, maneno mazuri. Nikamuuliza mizinga yake iko wapi, akajibu kabla sijamaliza swali. Nikamuuliza amevuna lini, akataja siku na hali ya hewa ya siku hiyo. Nikafungua dumu. Harufu ya moshi, safi kabisa. Rangi nzuri. Nikachovya njiti, ikawaka. Nikadondosha tone majini, likashuka kama jiwe. Juu kunaelea kipande cha sega, na kando ya kipande hicho nyuki watatu waliokufa. Nilipowaona nyuki wale nilifurahi kama karani aliyeona muhuri. Nikapitisha.

Wakati huo mnunuzi wetu mkubwa alikuwa Bi Zaituni, mwenye duka Kasulu mjini, ambaye ndugu zake walikuwa Tanga na asali yetu iliishia huko. Alinunua asali tangu enzi za mumewe na hakuwa na kifaa chochote isipokuwa kijiko kimoja cha mti. Akaniita. Nilipofika dukani akanisogezea dumu.

"Bwana Kipimo, hii umeionja?"

"Nimeipima, Bi Zaituni. Imepita vipimo vyote."

"Sijakuuliza vipimo, mwanangu. Umeionja?"

Nikaonja. Ilikuwa tamu, halafu ikaisha. Asali ya kweli haiishi hivyo. Ukiiweka mdomoni inaanza na utamu, inageuka kitu kingine, ua au gome au hata uchungu kidogo, kisha inakukwaruza kooni ukiwa umeshameza. Ile ilikuwa na mwanzo tu.

"Lakini ina nyuki," nikasema.

"Nimewaona, maskini. Wamekufa kwa aibu."

Watu wote dukani walicheka, na mpagazi mmoja alilazimika kutua gunia. Bwana wa shati jeupe alikuwa amechemsha sukari, akaiunguza kidogo ipate rangi, akaipitisha kwenye moshi, akaokota nyuki. Alivijua vipimo vyangu kwa sababu nilikuwa navitangaza kila mkutano. Hakujisumbua kutengeneza kitu kinachofanana na asali. Alitengeneza kitu kinachofanana na kile ninachokiita asali, ambayo ni kazi rahisi zaidi. Mkumbuke hilo mnapoona jambo linaloitikia kila swali lenu bila kukosa hata moja.

Mngedhani kisa kile kilinifundisha kuonja. Hapana. Kilinifundisha kushuku. Nikawa mkali, nikawa nakunja uso kabla mtu hajashusha ndoo kwenye baiskeli. Na aliyelipa ukali huo hakuwa bwana yule.

Alikuwa Nyabenda. Aliingia nchi hii kutoka Burundi akiwa mgongoni mwa mama yake, akakulia hapa, akaoa hapa, akapata uraia, na cheti chake alikiweka ndani ya nailoni kwenye sanduku pamoja na vyeti vya ubatizo vya watoto. Mizinga yake aliitundika mlimani, juu ya bonde lile lenye mto mwembamba, saa moja kwa miguu kutoka kwenye mizani. Hakuwa msemaji. Mnamfahamu kwa sura ya Evodia. Wana paji la uso lile lile.

Ulikuwa wakati kambi ya wakimbizi ya Mtendeli imejaa watu, na huku vijijini kila kitu kilichopotea, hata jogoo, kilisemekana kiko kambini. Nyabenda hakuwa mtu wa kambi na kila mmoja alilijua hilo. Lakini kulijua jambo na kulikumbuka wakati unaofaa ni vitu viwili.

Akaleta ndoo mbili. Nikafungua ya kwanza. Juu kidogo ilikuwa ya maji, chini yote imeganda, nyeupe, chembechembe.

"Nyabenda, hii ni nini?"

"Ni asali, ndugu yangu."

"Asali gani nyeupe kama samli?"

"Imeganda. Mwaka huu zote zimeganda."

"Kwa nini zigande mwaka huu?"

"Hata mimi sijui."

"Hujui! Mizinga ni yako, nyuki ni wako, na hujui?"

Watu wakacheka. Siku ile palikuwa na watu kama thelathini wanasubiri kupimiwa. Lile "sijui" lake ndilo neno ninaloliwaza zaidi sasa nikiwa nimekaa nyumbani. Yule wa shati jeupe alikuwa na jibu la kila kitu, nikamwamini. Huyu alisema hajui, na lilikuwa neno la kweli kuliko yote yaliyosemwa pale mchana kutwa, nami nikalisikia kama kukiri.

Akasema, "Twende ukaone mizinga. Ni saa moja tu."

"Sina haja ya kutembea. Mashine itasema."

Mashine! Tulikuwa tumepata kile kifaa cha kuchungulia, kama kurunzi ndogo, mnacho mpaka leo. Unaweka tone, unatazama penye mwanga, kinakuonyesha asali ina maji kiasi gani. Kinaonyesha maji tu. Mbele ya watu nikachukua tone la ile ya juu, nikachungulia kwa madaha, na kifaa kikaonyesha asali kavu, nzuri, ya kupokelewa bila neno. Nikatikisa kichwa.

"Mashine imekataa," nikasema.

Someni tena hapo. Sikukosea kusoma. Nilikuwa nimeshaamua, nikaona aibu kurudi nyuma mbele ya watu thelathini, nikaisingizia mashine. Kifaa kilisema kweli na mimi nikasema uongo kwa kinywa chake. Na ajabu ni kwamba moyoni niliona natetea haki. Nilijiambia kwamba kifaa hakikuundwa kugundua sukari, kwa hiyo nakisaidia kidogo kufikia ukweli ninaoujua tayari. Mtu akianza kuusaidia ukweli namna hiyo, akae mbali na mizani.

Nyuma mtu akapaza sauti, "Sukari ya kambini hiyo!" Hakuna aliyeuliza kama huko kambini kuna mgao wa sukari. Mimi, mwenye kidato cha nne changu, sikuuliza. Mwenyekiti wa wakati ule akalikata jina lake kwenye daftari siku ile ile.

Nyabenda hakubisha. Alifunga ndoo zake kwenye baiskeli. Kisha akarudi, akavua kofia, akafuta nayo mezani pale palipodondoka asali yake, ili aliyefuata asichafuke. Akaondoka. Tangu siku hiyo aliuza asali yake barabarani, kwa chupa, kwa wapita njia, na watoto walimpigia kelele za sukari.

Miezi kadhaa baadaye nilikwenda Kasulu, nikamsimulia Bi Zaituni jinsi nilivyokuwa mkali siku hizi. Nilitaka anisifu. Akasikiliza mpaka mwisho, akanipeleka stoo, akafunua pipa. Lilikuwa limeganda hadi juu, nyeupe, kijiko kingesimama chenyewe.

"Na hii nimetia sukari mimi?"

"Ya wapi hii?"

"Singida. Kwenye alizeti. Nyuki akila alizeti, asali yake inaganda kabla sijamaliza kuipakua. Iweke chupa kwenye maji ya vuguvugu, inarudi kama kawaida. Huyo mtu wako, ulikwenda kuona mizinga yake?"

"Sikwenda."

"Sasa ulijuaje?"

Nikaanza kulifunika pipa.

"Mimi nikiletewa nisiyoielewa nasema sijui," akasema. "Naiweka pembeni, naulizia ilikotoka. Miaka yote hii nimesema sijui, na duka liko wazi."

Nilirudi Kibondo siku ile, na kabla hata sijashuka garini nilishakumbuka. Mwaka ule ndipo wakulima wa lile bonde walipolima alizeti kwa mara ya kwanza. Bonde zima lilikuwa njano. Nilipita hapo kila Jumapili nikienda kanisani. Niliziona. Nilimwambia hata mke wangu kwamba zimependeza. Macho yangu yalikuwa na jibu wiki nyingi kabla Nyabenda hajafungua ndoo, ila hakuna aliyeyauliza, na mimi mwenyewe nilikuwa wa kwanza kutoyauliza.

Basi, nikajua. Na nilipojua, nikanyamaza. Hapa ndipo ninapowaomba msinifanye mzee wa hekima, maana sikunyamaza siku mbili. Nilinyamaza miaka. Kila mara palikuwa na sababu nzuri: kikundi kitagawanyika, wanunuzi watatushuku, wakati si wake. Nilimwona Nyabenda barabarani na chupa zake, tukapungiana mikono. Mkono wake ulikuwa wa kweli.

Alipougua, akalazwa hospitali ya Kabanga, akarudishwa nyumbani akiwa hoi, ndipo nikaenda. Mke wake alinipa kigoda. Nikamwambia mgonjwa yote, alizeti, mashine, yote. Alisikiliza akiwa amelala, macho kwenye bati.

"Uliyasemea wapi yale?" akauliza.

"Pale kwenye mizani."

"Mbele ya watu?"

"Ego," yaani ndiyo, nikamjibu kwa lugha ya nyumbani, kwa sababu Kiswahili kilikuwa kimenikauka.

"Sasa mbona unakuja kuyafutia chumbani?"

Nikamwahidi nitasema mkutano ujao. Mkutano ule ulikuwa na wageni kutoka wilayani, nikaona si vizuri. Uliofuata nilikuwa na malaria. Kabla ya ule mwingine tulimzika. Kwenye mazishi niliimba na kwaya, tena kwa sauti kubwa. Evodia alinitazama mara moja, akaangalia pembeni.

Sasa mnaelewa kwa nini video yenu imenitoa kitandani.

Ilipofika tu, nilikwenda kwa Evodia. Alikuwa anapepeta maharage uani. Hakuacha kupepeta.

"Mzee, umekuja kunitetea?"

"Nimekuja kuona mizinga."

Akatua ungo. "Kwa hiyo na wewe unanishuku."

"Sikushuku. Sijui."

"Miaka yote ile ulikuwa unajua," akasema. "Leo ndiyo hujui."

Alikuwa na haki ya kusema hata zaidi. Nilishika goti langu. Mwisho akaingia ndani, akatoka na mavazi ya nyuki na bomba la moshi, akanitupia kofia yenye wavu. "Haya, twende. Ukianguka huko sikubebi."

Tulitembea saa mbili, kwa sababu ya goti. Mizinga ni ya masanduku siku hizi, lakini miti ni ile ile ya baba yake. Chini bondeni alizeti zilishavunwa, mabua makavu yamesimama mpaka mtoni. Alasiri, jua likiwa limeshuka, alipuliza moshi na kufungua, nami nikatoa sega kwa mkono wangu, lililofungwa lote kwa nta, nikalikamua kwa kitambaa kwenye chupa niliyoiosha mwenyewe nyumbani na kuibeba kwenye mfuko wa koti. Hakuigusa. Nilimwomba asiiguse, akasema, "Ningeigusa ungesema nimeitia sukari." Nilistahili.

Chupa hiyo iko dirishani kwangu. Siku ya pili nilichovya njiti. Haikuwaka. Nikachovya sita, hakuna hata moja. Mke wangu akauliza kama nimechanganyikiwa. Na leo asubuhi, nilipoinua chupa penye mwanga, chini kabisa kumeanza kufanya weupe, chembechembe kama za chumvi, zinapanda ubavuni.

Sikilizeni vizuri ninachosema na nisichosema. Sisemi ndoo iliyoko kwenu ni safi, kwa sababu sikuwepo ilipojazwa. Nasema asali niliyoitoa kwenye mzinga ule kwa mkono wangu haiwashi njiti na inaganda. Njooni na kijiko, muonje hii, muonje ile, mziweke pembeni siku kadhaa mtazame. Tembeeni mpaka juu, nyinyi mna magoti. Andikeni kwenye kila ndoo mzinga ulipo na kinachochanua karibu yake, ambalo ndilo daftari nililopaswa kuanzisha nikiwa na nguvu. Baada ya hapo mtakuwa mnajua kidogo. Mkiona hamjajua, semeni hamjui, na binti wa watu abaki na jina lake mpaka mjue.

Hata ya Nyabenda siwezi kuapa. Sikwenda mlimani mwaka ule, na mwaka ule haurudi. Katika mambo haya yote lipo moja tu ninalolijua kwa uhakika kamili, nalo ni kwamba mashine haikukataa. Nalijua kwa sababu jicho lililochungulia lilikuwa langu.

Jumamosi nitakuja. Nitasimama pale pale kwenye mizani, si kwenye meza kuu mliyoniandalia. Deo alete ile simu yake nzuri anirekodi, kisha awatumie wote aliowatumia ile ya njiti. Evodia amesema atakuja. Nilipomuuliza kama atanisamehe alisema, "Njoo kwanza useme, mzee. Ahadi kama hiyo ulimpa hata baba."

Nitaanza na jina la Nyabenda. Msinipigie makofi, na tafadhali, mwenyekiti, usinikatize kwa ajili ya ajenda. Nimechelewa vya kutosha.